Eti Jike ni Rahisi Kuwinda

Jumapili, Juni. Jua la baridi, upepo kutoka baharini, nguo nilizoanika asubuhi zimekauka kabla ya saa sita. Siku nzuri kabisa, na mimi nina hasira mpaka meno yananiuma.

Sikwenda kanisani. Nimewaambia naumwa kichwa, na kweli kinauma, lakini sababu hasa ni kwamba sitaki kumwona Baba mdogo Elias kwenye benchi la mbele akipewa mikono ya pongezi. Sitaki kumwona kaka yangu Déo pia. Nimekaa jikoni kwangu hapa Sydenham, Durban, mikono bado inanuka vitunguu na moshi wa jana, naandika. Asiyetaka kusoma hasira za mtu mwingine siku ya Jumapili afunge ukurasa huu aende zake.

Jana tulifunga matanga ya Baba. Alifariki mwaka jana kule Uvira, Kongo, na mimi na Déo hatukwenda kumzika, kwa sababu mtu mwenye karatasi za ukimbizi akirudi nyumbani ndiyo basi, mlango wa huku umefungwa. Tulimlilia kwenye simu. Kwa hiyo sherehe ya jana, uani kwa Baba mdogo kule Bluff, ndiyo ilikuwa mazishi yetu. Nataka ieleweke hivyo kabla sijaendelea.

Baba alikuwa mwindaji, na baba yake, na babu yake. Ukoo wetu una desturi: mwindaji akifa, nyama ya kufunga matanga yake lazima itoke porini, na mtoto aliyeileta ndiye anayekabidhiwa kisu cha kuchunia cha marehemu. Bunduki inaweza kuuzwa, mbwa wanaweza kugawiwa majirani. Kisu hakiendi hovyo. Cha Baba kina mpini wa mti mweusi, umelainika pale kidole gumba kinapokaa. Mama alikituma kwa mama mmoja mfanyabiashara, kimefichwa katikati ya gunia la ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kilipofika Durban kilikuwa kinanuka ziwa zima. Nilikishika nikalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo sikuwa na wazo jingine kichwani.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo huku, alisema twende porini wote wawili, mimi na Déo, na nyama itasema kisu ni cha nani. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Nyama itasema.

Kwa wanaojiuliza mwanamke anawindaje: mimi nafanya kazi buchani. Kila majira ya baridi watu wanatuletea nyama za porini tuzikatekate na kuzikausha ziwe biltong, na ndipo nilipojuana na Oom Fanie, mzee wa Kizungu mwenye shamba la wanyama kule juu, Zululand. Bunduki kwa mtu mwenye karatasi kama zangu ni ndoto. Upinde hauna maswali mengi. Nilinunua ule wa kisasa, wenye magurudumu kwenye ncha, kutoka kwa mteja aliyeumia bega, nikafanya mazoezi nyuma ya bucha kwenye gunia la matambara mpaka mwenye bucha akachoka kunicheka. Ruhusa ya kuwinda Oom Fanie anaishughulikia mwenyewe. Na kila mwaka ananipa majike ya tandala, kwa sababu lazima apunguze kundi kabla majani hayajaisha, na kwa sababu wageni wanaokuja na ndege hawayataki. Hayana pembe. Hayatundikwi ukutani.

Hapo ndipo yanapotoka haya maneno ya kijinga kwamba jike ni rahisi. Acha nieleze, maana jana hakuna aliyenipa nafasi.

Dume la tandala ni gumu, sikatai. Madume makubwa ni machache, yanakaa mbali, huko kwenye vichaka vya mlimani, na unaweza kuzunguka kutwa nzima ukaambulia kinyesi. Mtu aliyelifuata dume zee kwa miguu wakati wa kiangazi, huyo namheshimu, sina neno. Lakini huu ni Juni. Mwezi huu madume yamepandwa na wazimu wa majike. Shingo imevimba, chakula hayana hamu nacho, yanatoka mahali peupe saa tatu ya asubuhi yakifuata mkia. Dume la Juni lina jambo moja tu kichwani, na jambo hilo si wewe.

Jike haliko peke yake hata siku moja. Lile unalolitaka limezungukwa na mama yake, dada zake, shangazi zake na watoto wa wote hao. Kila mmoja ana masikio mapana kama sahani na kila mmoja anayageuza upande wake. Mmoja akiinamisha kichwa kula, mwingine anakiinua. Na daima kuna bikizee mmoja anayewaongoza. Huyo akikuhisi hakimbii. Anasimama, anakutazama pale ulipo, anangoja ukosee. Mguu ukikufa ganzi, inzi akikuingia puani, ni shauri lako. Ukitikisika tu anabweka mara moja, sauti nzito ya ajabu kwa mnyama mpole vile, na kundi zima linakuwa halipo. Linakuwa halipo kabisa, unabaki unatazama miti.

Halafu hupigi jike lolote lililokaa vizuri. Mwezi huu watoto wa mwaka huu bado wananyonya. Ukimpiga mama mwenye mtoto umeua wawili, na wa pili atakufa taratibu wakati wewe unakula. Dume unalitambua kwa pembe ukiwa ng'ambo ya bonde. Jike lazima umsome: nani ananyonyesha, nani anafuatwa na nani, nani amezeeka hana mtoto. Usome yote hayo umelala kwa tumbo kwenye miiba, upepo unakugeukia wakati wowote, na uwe karibu kiasi cha kumsikia akitafuna, kwa sababu upinde si bunduki.

Sasa niambieni lipi rahisi.

Tulifika shambani na Déo siku moja, tukalala kwenye kibanda kimoja. Déo ana duka la simu pale Warwick na hajawahi kulala nje ya umeme tangu tuingie nchi hii. Asubuhi Oom Fanie alimpandisha nyuma ya pikapu, akamkabidhi bunduki ya shamba, wakaondoka. Mimi nilikuwa bado nafunga kamba za viatu. Niliusikia mlio kabla sijamaliza kunywa chai.

Dume lilikuwa limesimama kando ya barabara ya shamba, pua yake nyuma ya jike. Halikugeuka hata gari liliposimama. Oom Fanie ndiye aliyemwonyesha Déo mahali pa kulenga, akamwekea mfuko wa mchanga juu ya kichwa cha gari ili bunduki itulie. Nakubali pembe ni nzuri, zimejizungusha vizuri. Walimpaka damu kwenye mashavu, ndiyo desturi ya huku kwa mtu anayeua mara ya kwanza, akapiga picha amepiga magoti, akaituma kwenye kundi la familia. Mpaka Lubumbashi wakashangilia. Mimi nilikuwa bado natafuta alama ya kwato.

Nilikwenda na Sandile, anayefuatilia wanyama pale shambani. Siku ya kwanza tulilipata kundi mara mbili, na mara mbili bikizee akatubwekea. Jioni sikuwa na hamu ya kula. Déo alikuwa anaota moto na Oom Fanie wakicheka, akaniuliza kama nataka anisaidie na bunduki. Alimaanisha wema. Nilitamani kumtupia kiatu.

Siku ya pili tuliwakuta kwenye vichaka juu ya mto mkavu. Nilitambaa mpaka viwiko vikachunika. Mtoto mmoja alinijia karibu sana, akanitazama, akanusa hewa, nikafumba macho yangu yasimwogopeshe. Akarudi kwa mama yake akanyonya. Kwa hiyo si huyo. Aliyefuata naye alikuwa na wake. Nyuma yao kulikuwa na jike zee, mbavu zinaonekana, sikio moja limechanika, hakuna anayemfuata. Mkono wangu ulikuwa tayari, na Sandile nyuma yangu akanong'ona, "Linda, sisi. Linda." Kwa Kizulu, ngoja, dada. Mbele ya bega lake kulikuwa na tawi ambalo sikuliona kwa tamaa. Nikangoja. Jike likapiga hatua, likatoka kwenye tawi, nikaachia.

Tulilifuata kwa damu mpaka chini ya mti wa miiba. Lilikuwa limeshakufa, limelala kama limejipumzisha. Nililichuna mwenyewe, kwa kisu cha buchani, na nilipokuwa nafungua tumbo nikasema kwa sauti, "Baba, nimefika." Sandile hajui Kiswahili lakini alivua kofia. Nilimwachia kichwa na matumbo, ndivyo wanavyofanya huko kwa mtu aliyekuongoza. Sikufikiria mara mbili. Nani anabeba kichwa cha jike?

Lilikuwa kosa. Jana nimejua kuwa lilikuwa kosa.

Nilipofika Bluff jana asubuhi na masufuria, kichwa cha dume la Déo kilikuwa tayari mezani, juu ya kitambaa cha lesi, pembeni ya picha ya Baba. Maua ya plastiki yameviringishwa kwenye pembe. Kila mgeni aliyeingia alisimama pale, akazigusa pembe, akapiga picha, akamtafuta Déo ampe mkono. Changu cha kuonyesha kilikuwa ndani ya sufuria, na aliyekuwa anakoroga sufuria ni mimi. Niliua, nikachuna, nikakata, nikapika, nikapakua. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Baada ya maombi ya mchungaji, Baba mdogo alisimama na kisu mkononi, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilifuta mikono yangu kwenye kitenge.

"Batoto bote bawili bamefanya muzuri," akasema. "Lakini kisu ya mwindaji inaendaka kwa mwindaji. Déo alileta dume, na pembe munaziona. Riziki, mama, wee ulileta jike. Tunashukuru, iko nyama. Lakini jike inajiletaka yenyewe."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo linalouma zaidi.

Nikasema, tena mbele ya wote, "Baba mudogo, ulishaka kufuata jike hata mara moja?"

"Mie?" akasema. "Nilifuata moja tu, na nikamuoa."

Uwanja mzima ukaanguka kwa vicheko. Mchungaji alicheka. Mama mdogo, ambaye ndiye huyo jike mwenyewe, alicheka huku ameshika sinia. Déo alipokea kisu, akatazama viatu vyake, akasema merci. Nikarudi kwenye masufuria kwa sababu kulikuwa na watu wa kulisha.

Na hebu sikilizeni hili. Tulipakua nyama zote mbili, kila moja na sufuria yake, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na bugari, ugali wetu. Watu walionja ya dume mara moja. Ilikuwa ngumu, ina harufu ya msimu wake, unatafuna mpaka taya linaomba likizo. Wakahamia kwenye ya kwangu, wote. Walirudi mara ya pili na ya tatu. Niliwaona wakilamba vidole, na nikawasikia wakisema, kwa midomo hiyohiyo yenye mafuta ya jike langu, "Déo ametutendea, Mungu amubariki." Nilipopata nafasi ya kukaa na sahani yangu, sufuria yangu ilikuwa imekauka. Nilikula dume.

Déo alinifuata nilipokuwa nasugua masufuria. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na suti yake.

"Petite, mudogo yangu, usikasirike," akasema. "Nitaitundika ku magasin yangu ya simu, chini ya pembe. Utakuya kuiona siku yote unataka."

"Kisu ya kazi haitundikwake, yaya," nikamwambia kaka yangu.

Déo si mtu mbaya. Alinilipia shule, alinivusha mipaka mingapi akinishika mkono. Ndiyo maana sikumwambia mengine. Kisu cha Baba kitakaa ukutani Warwick kati ya chaja na kava za simu, kitu cha kuonyesha wateja, na mimi Jumanne nitakuwa buchani nachuna kwa kisu cha mtu mwingine.

Nilidhani hasira imefika mwisho wake. Kumbe Mama alikuwa bado hajapiga simu.

Amepiga leo mchana. Alishasikia yote, kundi la familia halilali. Nilimlalamikia Baba mdogo, nikamwambia amenidhulumu, nikamwambia kama Baba angekuwepo angeona tofauti, kwa sababu Baba alijua jike ni nini. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema polepole, kama mtu anayekupokonya kitu bila kukuamsha.

"Riziki, mama, Elias hakuamua kitu. Baba yako mwenyewe alisemaka, kule ku hospitali. Alisema: kisu mupatie Déo. Riziki haiko na lazima yake, ye anajua kazi."

Nikamuuliza kama Baba mdogo alijua. Akasema alijua. Nikamuuliza sasa kwa nini walitutuma porini wote wawili kama nyama ilishasema kabla haijauawa.

"Sababu bote mulikuwa munamulilia," akasema. "Na watu walikuwa wengi. Nyama ya mumoja haingetosha."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane. Najua Mama alidhani ananipa dawa. Anataka niyasikie kama sifa: baba yako alikuamini, baba yako aliona huna upungufu. Nimejaribu. Nimeyageuza kila upande kama ninavyogeuza paja la nyama kutafuta kiungo, na kisu hakipiti. Mtoto asiyejua kuchuna anapewa kisu ili ajione mwindaji. Anayejua anaambiwa hana haja. Ningekuwa nimekosa mshale, ningekuwa nimerudi mikono mitupu nikilia, labda wangenihurumia wakanipa. Nimewaletea nyama kila baridi, na kwa sababu naileta kila baridi, wanasema inajileta yenyewe.

Nilijiandaa kuwakasirikia wawili. Sasa ni watatu, na wa tatu ndiye niliyevaa nguo nyeusi kwa ajili yake mwaka mzima. Wanasema matanga yakishafungwa, marehemu hasumbuliwi tena kwa machozi. Sawa, machozi nimemaliza. Lakini hakuna aliyesema lolote kuhusu hasira, kwa hiyo nitamsumbua nayo mpaka nichoke.

Nimempigia Oom Fanie jioni hii. Nimemwambia Jumamosi napanda huko tena, na nataka jike. Ameniuliza kwa nini nisijaribu dume safari hii, angenipa moja. Nimemwambia hapana, asante.

Baba, ni kweli, sikukihitaji. Nilikitaka.